Mkeka wa Mama Mkwe

Mama mkwe ndiye aliyeshuka kitandani wa kwanza usiku ule. "Mwanangu, washa taa, nimekanyaga kitu kinateleza." Umeme ulikuwa umekatika, nikamulika kwa simu. Maji yamefika vifundoni, na juu yake utando mweusi unang'aa zambarau na kijani, mithili ya shingo ya njiwa. Harufu niliijua kabla sijainama. Oili ya pikipiki.

Na ilikotoka nilikujua. Jioni ile shemeji alibadilisha oili ya bodaboda yake uani, akaikinga kwenye karai, kiasi cha lita moja, akaimwaga mtaroni. "Mvua itasomba," alisema. Sikumjibu, maana na mimi nilikuwa na fagio mkononi nasukumia humo humo maganda ya viazi na majani ya mwarobaini. Pampasi mbili za mtoto zilikuwa zimetangulia asubuhi.

Sisi tunakaa Tandale, Dar es Salaam. Ulikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Wengi wetu tunaudhania mtaro wa mvua kuwa ndugu wa bomba la majitaka, lakini bomba lile sehemu nyingi huishia kwenye mabwawa ya kusafishia. Mtaro hauna bwawa. Wetu unaingia Mto Ng'ombe, Ng'ombe unaingia Msimbazi, na Msimbazi unamwaga baharini penye Daraja la Selander. Oili ya shemeji ingefika kwa samaki vile vile ilivyotoka kwenye injini. Usiku ule haikufika, kwa sababu karavati iliyo nyumba tatu chini yetu ilikuwa imezibwa na chupa, matope na pampasi. Maji yakageuza njia yakaingia kwetu.

Yalikuja na jambo jingine. Huko juu kuna mtu alikuwa ametapisha choo. Waliokulia uswahilini wanalijua neno hilo: shimo limejaa, mvua imeshika, mwenye nyumba anatoboa ukuta wa shimo usiku na kuacha mvua ichukue, ili asilipe gari la kunyonya. Kila nikilisikia nakumbuka kipindupindu cha mwaka 2015 katika jiji hili. Kutapisha choo siwezi kukuita shida ya maisha. Ni kumnywesha jirani kinyesi chako.

Tulideki siku mbili. Vyombo vilitakata, godoro tukalitupa. Lakini mkeka wa mama mkwe, wa ukindu, aliousuka mwenyewe kabla macho hayajaanza kumsumbua, uliloa oili hadi kwenye mishono. Shemeji aliufua kwa sabuni ya unga na maji ya moto mara tatu, akiwa amepiga magoti uani, hasemi na mtu. Rangi nyekundu ya ukindu ilichuja, doa jeusi likabaki. Mama mkwe hakumgombeza. Aliukunja tu, akauweka juu ya kabati.

Tangu hapo oili chafu inaingia kwenye dumu la lita tano chini ya ngazi. Likijaa, fundi seremala analichukua, anapaka mbao zisiliwe na mchwa. Pampasi zina kiroba chake, kinangoja mkokoteni wa taka. Mume wangu alichomelea wavu wa nondo mdomoni mwa mtaro wetu, na kila jioni kuna mtu wa kuuzoa. Wapangaji wa nyumba ya juu walikaa na mjumbe, wakakubali kuchangia gari la kunyonya kila mwaka kabla ya masika.

Kilichotushinda kwa muda mrefu ni tope. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa unatoka na mabeleshi, tunazibua mtaro vizuri, lakini awali tope tulilirundika ukingoni. Mvua moja tu, limerudi lote. Nililalamika mpaka nikachosha watu. Sasa tunalipa mkokoteni siku ile ile, na hatuondoki mpaka rundo la mwisho limebebwa.

Vuli ya kwanza baada ya hapo ilianza alasiri. Karavati ilivuta maji bila kusita. Shemeji alikuwa amesimama kwenye wavu na reki, na mama mkwe amekaa mlangoni na ukindu mpya aliomnunulia shemeji, anasuka ukili kwa kupapasa, miguu yake ikiwa mikavu.