Jinsi ya Kumchimba Mfugaji wa Kabila Lingine

Kwanza kabisa, usimuulize ana mbuzi wangapi. Kwa Mmasai, kwa Msomali, kwa wafugaji wengi wa nyika, hilo ni sawa na kumtaka mtu asome salio lake la benki mbele ya mashemeji. Wengi pia huamini kuhesabu mifugo kwa sauti kunaleta nuksi. Wala usidhani hajui. Mwenye zizi anawatambua mmoja mmoja kwa rangi, kwa pembe na kwa mama zao, na jioni akikosekana mmoja atakuambia ni yule mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, aliyezaa mapacha mwaka jana. Wewe anza na mvua. Uliza malisho, uliza watoto. Chai ikiletwa, inywe mpaka mwisho hata kama sukari yake ingetosha kijiji kizima, maana habari za minyoo hapewi mtu aliyeacha nusu kikombe.

Ukishampa mzee shikamoo yake, mtafute mama. Katika maboma mengi ya Kimasai wanaokamua ni kina mama, na wao ndio wanaojua mbuzi gani anamkataa mwanawe na kitoto gani kimelala bila kunyonya. Mbuzi wakitoka kwenda machungani, anayeshinda nao mara nyingi ni kijana mdogo mwenye fimbo ndefu kuliko yeye. Hao wawili ndio walimu wako. Nimeona wataalamu wakirudi mjini na daftari lililojaa maneno ya mwanamume ambaye hajawahi kushika chuchu ya mbuzi tangu aoe. “Shikamoo mama, huyu mbona anakohoa?” itakupa mengi kuliko dodoso la kurasa kumi.

Sasa mbegu. Hapa ndipo watu wazima hupotewa na akili. Wakiona kondoo mnene wanamtaka leo, na swali pekee linalowatoka ni kilo. Kila mwenye tamaa hiyo angepaswa kukijua kisa cha Dorper.

Kondoo wa Kisomali, mwili mweupe na kichwa cheusi, alivushwa kwa meli hadi Afrika Kusini katika karne ya 19. Miaka ya 1930 wafugaji wa huko walimpandisha na Dorset Horn wa Uingereza, wakapata Dorper: mzito, mwepesi wa kukua, anayestahimili nchi kavu. Chama cha wafugaji wake kiliundwa mwaka 1950. Baadaye Dorper akapanda kaskazini mpaka Kenya, karibu kabisa na kwa babu zake, na wafugaji wa Kajiado wakamkimbilia. Walimchanganya na kondoo wao mwekundu wa Kimasai kizazi baada ya kizazi, mpaka mwekundu halisi akawa wa kutafutwa. Hawakuwa wajinga. Soko lililipa kilo, na watoto walitakiwa ada.

Lakini mnyama alisafiri na maelezo yake yakabaki nyuma. Dorper alitengenezwa kwa ajili ya ukame. Penye unyevu kuna mnyoo wa tumboni anayefyonza damu, Haemonchus contortus, na kondoo mwekundu ameishi naye vizazi vingi hadi mwili wake ukajifunza kumdhibiti. Miaka ya 1990 watafiti waliwaweka Dorper na wekundu pamoja katika pwani ya Kenya yenye unyevu. Kinyesi cha wekundu kilikuwa na mayai machache zaidi ya minyoo, na wanakondoo wao walikufa wachache kuliko wa Dorper. Mmasai alikuwa na hazina zizini mwake, naye akaambiwa aiboreshe.

Kwa hiyo ukisimama na mtu kwenye zizi lake, uliza kama mnunuzi mwenye wivu. Anakula nini kiangazi kikikaza? Unampa dawa ya minyoo mara ngapi? Mwaka ule wa mvua nyingi, walikufa wa mbegu gani? Akisita kwenye swali la tatu, subiri. Jibu lake linakuja, na ndilo lililokupeleka. Uliza na hali ya hewa: mbuzi wa maziwa kutoka Norwe walioletwa Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, miaka ya 1980, walipokelewa na baridi. Usimbebe wa huko ukamshushe kwenye joto la Kilwa halafu ukawalaumu Waluguru.

Utaona pia beberu amefungwa kipande cha ngozi tumboni, siku hizi hata cha plastiki, kinachoning’inia mbele ya uume wake asiweze kupanda. Wamasai hukiita olor. Cheka, mwenye mbuzi naye atacheka, kisha toa kalamu, kwa sababu hapo umeonyeshwa uzazi wa mpango uliopangwa kwa mvua. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Usinakili tarehe za Wamasai wa Longido, nakili hesabu. Dodoma mvua huanza mwishoni mwa mwaka: ukimfungulia beberu Agosti, vitoto vinazaliwa Januari, majani yapo na mama ana maziwa. Ukimwachia kila siku, utapata vitoto Agosti, na vitakufa mikononi mwako.

Jambo moja la haraka: ukitoka kwa mfugaji wa mbuzi ukaenda kwa wa kondoo, usipeleke chumvi ileile ya madini. Kiasi cha madini ya shaba anachokihitaji mbuzi kinaweza kumuua kondoo.

Na usiende mikono mitupu. Peleka elimu ya kope, iliyotoka Afrika Kusini kwa daktari wa mifugo Francois Malan na wenzake, na kadi yake inaitwa FAMACHA. Mshike mbuzi juani. Kidole gumba kimoja kibonyeze kope la juu taratibu, kingine kivute la chini, utazame nyama ya ndani. Nyekundu ni 1, nyeupe kama karatasi, damu imefyonzwa na minyoo, ni 5. Wa 4 na 5 wape dawa, wa 1 na 2 waache. Ukiwanywesha wote kila mara, minyoo inayobaki ni ile tu iliyoishinda dawa, na siku moja chupa yako itakuwa maji. Mwache mama avute kope mwenyewe. Mkono wake ni mwepesi kuliko wako.

Ukipewa au ukiuziwa beberu, shukuru, kisha mtenge wiki tatu mbali na wako, na ndoo yake na mtu wake wa kumlisha. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Ngorongoro mwaka 2008, husambaa kwa pumzi, makamasi na kinyesi, na dume la zawadi halina kinga kwa sababu tu lilitolewa kwa moyo mweupe. Mweleze mzee mapema asije akadhani umemdharau. Mpigie simu baada ya siku chache umwambie anakula vizuri. Akianza kuharisha na kutoa makamasi, mwite daktari wa mifugo, na mpigie mzee siku hiyohiyo, maana ndugu zake beberu huyo bado wako zizini kwake.