Wenye Herufi M Wamefutwa

Mkulima wa tumbaku haamini kilo zake mpaka azione kwa macho. Kwa hiyo siku ya uhakiki, kwenye chama chetu cha msingi huku Nsimbo, kompyuta hupandishwa dirishani ikitazama nje. Mimi karani naandika amri kwenye psql, programu ya hifadhidata yetu, nasogea pembeni, wazee wasome.

Majina yamepangwa kwa alfabeti, na dirisha jeusi la psql linabeba mistari 24 tu. Majibu yakizidi hapo, psql huyakabidhi kwa programu nyingine, less, ambayo huonyesha ukurasa wa kwanza kisha hunyamaza, imeacha nukta mbili kwenye kona ya chini. Anayeijua anabonyeza kitufe cha nafasi na kuendelea. Wazee wao waliona orodha imekomea kwa Charles.

Sasa huku kwetu, tangu Wasukuma waingie na ng'ombe wao, ukiita "Masanja!" mnadani utageukiwa na watu hata usiowadai. Masanja, Maganga, Mabula, Masunga: M ni kijiji kizima. "Wenye herufi M wamefutwa!" mtu akapaza sauti, na habari ikafika senta kabla kidole changu hakijagusa kitufe.

Nikabonyeza, wakarudi. Mjumbe mmoja wa bodi akanikazia macho.

"Kijana, hawa walikuwa wapi?"

"Ukurasa wa pili, mzee."

"Na nani aliwapeleka huko?"

Balaa lilikuwa bado. Jedwali letu ni pana: jina, kijiji, namba, kilo, makato, salio. Dirisha lina nafasi ya herufi 80. Mstari ukizidi unavunjwa, mkia unaangukia chini, safu zinabanana kama viboko wa Mto Katuma mwezi wa kumi. Makato ya mtu yakasomeka kana kwamba ni kilo za jirani yake. Mama mmoja alipiga kigelegele ambacho ilibidi tukirudishe.

Mjumbe akatoa kalamu anakili. Mjukuu wake akabonyeza q. Jedwali zima likayeyuka.

"Rudisha ushahidi!"

Nikaandika `\pset pager off`, hakuna kurasa tena. Majina yakapita mbio, yakasimama kwa Zakaria. Wenye Z, waliozoea kusubiri tangu shule ya msingi, wakafurahi sana. Wenye A wakauliza nani kawafuta.

Dawa niliiweka kwenye faili la `.psqlrc`: `\setenv PAGER 'less -SFX'`. S inazuia mistari isivunjwe, ukitaka kuona salio unakwenda kwa mshale wa kulia. F inaifanya less ijifunge yenyewe majibu yakitosha ukurasa mmoja. X inaacha maandishi mahali pake hata mjukuu akibonyeza q.

Nikaona niboreshe zaidi: kila mtu ataje namba yake, nami niwashe `\x`, taarifa zake zishuke wima, peke yake. Foleni ikapukutika. Kumbe kilo zake kila mtu anazijua kwa kichwa. Alichofuata dirishani ni za jirani.

Bodi ikaagiza orodha nzima irudi, na mjumbe akakabidhiwa kitufe cha nafasi. Anakibonyeza kwa heshima, ukurasa baada ya ukurasa, ila akifika kwenye jina la shemeji yake anakumbuka kufuta miwani.