Mngurumo Usio na Mwenyewe

Wenzetu wana bahati. Kule Taos, Marekani, watu wachache walilalamika mapema miaka ya 1990 kwamba wanasikia mngurumo wa chini chini, na watafiti wakafunga safari na vipimo vyao kuusaka. Hawakuupata. Windsor, Kanada, nako walihangaika miaka na miaka hadi matanuri ya chuma ya Kisiwa cha Zug, ng'ambo ya mto, yaliposimamishwa mwaka 2020. Kimya!

Sasa njoo Kaloleni, Nairobi. Hapa mngurumo tunaujua kwa jina la ukoo. Ile besi inayotembeza gilasi ya chai mezani ni ya matatu iliyopaki Jogoo Road, kondakta akisubiri abiria wa mwisho tangu magharibi. Ukifika usiku wa manane, ni jenereta na spika za mkesha wa maombi, na Mungu, kwa maoni ya spika zile, ana shida ya masikio.

Kanuni za kelele tunazo, za mwaka 2009: kuanzia saa mbili usiku, sauti katika makazi isizidi desibeli 35. Besi yenyewe haijazisoma. Ukipeleka malalamiko, utaulizwa kwa upole: “Una uhakika inatoka wapi?”

Basi tunawaomba watafiti wa Taos, kama bado wana hamu, waje huku. Chanzo tutawaonyesha kwa kidole, na nauli ya kutoka uwanja wa ndege tutachanga.