Hebu Igize Tuisikie

Tunduma ni mahali pabaya pa kumiliki gari linalolia. Mafundi tunao kila uchochoro na spea zipo hadi usiku; tatizo ni kwamba gari lako huwezi kulisikia. Kuanzia Mpemba hadi mpakani malori yamejipanga, ya shaba yakishuka Dar es Salaam, ya mafuta yakienda Zambia na Kongo, na kila moja linashusha pumzi ya breki zake kwa wakati wake. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha, lori likaguliwe upande mmoja tu badala ya kusimama Tunduma halafu lisimame tena Nakonde. Nasikia foleni ilipungua. Ukiwa katikati yake ndani ya kigari chenye namba B, huoni.

Kwa hiyo mwenye gari bovu hapa huujua ubovu wake akishatoka mjini. Mimi niliujulia barabara ya Sumbawanga, nikienda Momba kuulizia mahindi, maana mwalimu asiye na shughuli ya pembeni hujikuta akikopa nauli. Pembeni yangu alikaa shangazi, aliyeomba lifti kwa kunitaarifu. Tulipoacha nyumba za mwisho na malori yakabaki nyuma, likaanza: vuuuuu. Kwenye spidi ya hamsini lilikuwa jambo la kunong'ona. Kwenye themanini lilivuma kama ndege inayotafuta mahali pa kutua.

Nikafanya anachofanya Mtanzania yeyote mwenye akili timamu: nikaongeza sauti ya redio. Shangazi akanyoosha mkono, akaipunguza.

"Baba, gari linaguna."

"Ni lami hiyo, shangazi."

"Lami imeanza kuguna lini?"

Haki ya Mungu, hoja ya lami si ya kupuuzwa. Tairi lililolika upande mmoja huvuma vilevile, na wapo watu waliobadilisha beringi zote nne kumbe mkosaji ni tairi. Tofauti yake ni kwamba sauti ya tairi hubadilika lami inapobadilika: kwenye lami laini inashuka, kwenye lami ya kokoto inapanda. Beringi haijali unakanyaga nini, inajali spidi tu. Injini nayo husingiziwa sana, lakini kuiondoa kwenye kesi ni rahisi: mahali salama, weka nyutro, acha gari litambae. Vuuu langu liliendelea, injini ikaachiwa huru.

Na si vuuu peke yake. Kila tulipopita tuta, nyuma kulisema ko-ko-ko. Shangazi alizihesabu hizo sauti mbili na akaniuliza, kwa upole ambao sikuupenda, kama gari hili lilikuwa la mtu gani kabla yangu.

Jumatatu baada ya vipindi nikalipeleka gereji. Fundi mkuu hakuwapo. Aliyenipokea ni kijana mwenye ovaroli na spana mfukoni, na sura yake naifahamu: miaka yake yote ya sekondari jina lake halikukosekana kwenye orodha ya wapiga kelele.

"Shikamoo mwalimu. Inaliaje?"

"Marahaba. Inavuma."

"Inavumaje? Hebu igize tuisikie."

Nikatazama kulia na kushoto. Palikuwa na vijana wa bodaboda, mama ntilie na wateja wake, mzee mmoja aliyekuja kuchaji betri. Nikasema vuuu, kwa sauti ya chini, ya kiofisi. Kijana akatikisa kichwa. "Hapana mwalimu, ongeza sauti, wa nyuma hawakusikii." Hayo ni maneno yangu mwenyewe, nilimwambia akiwa kidato cha pili, na kwa jinsi alivyoyatamka nilijua ameyatunza kwa siku kama hii. Nikavuta pumzi, nikavuma. Mama ntilie akasimamisha mwiko.

Hapo baraza likafunguliwa. Muuza matairi ya mtumba alisikia matairi. Kijana wa alaimenti alisikia alaimenti. Mwenye shokapu zilizotoka Japani hakusubiri niigize ile ya ko-ko-ko; alishaikubali, akanitajia bei ya jozi. Mwingine aliuliza kama nikikata kona kali nasikia ta-ta-ta-ta, na niliposema sisikii akasikitika kweli, kwa sababu ta-ta-ta ya kwenye kona ni sivijointi, na sivijointi alikuwa nayo. Sikumpata hata mmoja aliyesikia ugonjwa ambao dawa yake iko duka la mwenzake. Mama ntilie pekee ndiye hakuwa na la kuuza, akakumbusha tu kwamba supu ya Ijumaa sijailipia.

Tukaenda kulijaribu. Unajua kilichotokea. Gari lilitulia, likawa na adabu kama binti wa posa, kwa sababu kutoka gereji hadi mzunguko tulikuwa kwenye foleni na spidi haikufika hata thelathini. Beringi haiimbi kwenye thelathini. Kijana akaegemea kiti. "Mwalimu, gari zima hili. Labda masikio." Kama ningekuwa na chaki mkononi, angeipata.

Ushauri wa maana niliupata jioni, bure, mahali pa chai wanapokaa madereva. Wa kwanza kunisikiliza alikuwa dereva wa IT, wale wanaotoa magari bandarini Dar es Salaam wakayakimbiza zaidi ya kilomita 900 hadi hapa, yakaendelee kwa wenyewe ng'ambo. Huyu hakuwa na msaada. "Mimi gari nikilisikia linalia," alisema, "naongeza mwendo, lifike likamlilie mwenyewe Lubumbashi." Aliyesaidia ni mzee wa semi aliyekaa naye. Utingo wake alikuwa analizunguka lori na kipande cha chuma, anagonga tairi moja moja, yote 22, anatega sikio, anasogea. Tairi lenye upepo hurudisha chuma na kujibu kwa sauti kavu. Lililopungukiwa hujibu bu. Yale ya ndani kwenye ekseli huwezi kuyaona vizuri, ila yanajibu. Nilimtazama yule kijana kwa wivu wa kitaaluma: darasa zima linamjibu.

Mzee akaweka kikombe chini. "Ukiwa kwenye mwendo, kata kona taratibu kwenda kulia. Uzito wote unahamia kushoto. Ikizidi kuvuma, mbovu ni ya kushoto. Ikipungua, tazama ya kulia. Halafu usimwambie fundi vuuu. Mwambie beringi ya mbele kushoto, uone atakavyokuheshimu."

Nikaondoka na shangazi kama shahidi, hadi barabara ya Sumbawanga tena. Kona ya kulia: vuuuUUU. Kona ya kushoto: gari likanong'ona. "Inalia kulia," nikasema. "Sasa si umesema mbovu ni kushoto?" Nilimweleza habari ya uzito mpaka tukafika mjini. Alikubali, lakini kwa sharti kwamba yeye asikae upande wa kushoto. Kiti cha abiria kwetu kiko kushoto. Akahamia nyuma.

Safari hii fundi mkuu alikuwapo. Nikatamka maneno ya mzee wa semi bila kuigiza chochote, na kweli nilipewa stuli. "Jeki unayo?" Akafungua buti, akacheka peke yake. Jeki ilikuwa imelala chini ya zulia, imeachia kwenye kishikio chake, na kila tuta ilikuwa inapiga bodi: ko-ko-ko. Mwenye shokapu aliangalia pembeni, akaanza kufuta vumbi kwenye bidhaa zake.

Gurudumu likanyanyuliwa. Hapa ndipo ukweli unapopatikana, kwa mikono. Unashika tairi juu na chini, saa sita na saa kumi na mbili, unasukuma na kuvuta. Likicheza, shaka yako iende kwenye beringi, au boljointi. Kisha unashika pembeni, saa tatu na saa tisa. Likicheza huko tu, hizo ni tairodi, mambo ya usukani. Kijana wangu wa wapiga kelele akaagizwa ashike saa sita na saa kumi na mbili. Akashika pembeni kidogo, kimshazari, akatikisa, akasema kila kitu kinacheza.

"Umeshika saa ngapi?" fundi akafoka.

"Saa sita."

"Hiyo ni saa tano! Wewe unafuata saa za Nakonde?"

Gereji nzima ikaanguka kicheko, maana kutoka hapo hadi Zambia ni kurusha jiwe, na ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Aliposogeza mikono tairi likatoa kale kamchezo kadogo, tik, tik. Fundi akalizungusha huku kiganja chake kikiwa kwenye springi, akaniambia nami niweke. Ule mkwaruzo unaingia mkononi kabla haujafika sikioni.

Kuitoa ilikuwa kazi nyingine. Kitu kigumu kuliko vyote katika mkoa wa Songwe ni kimondo cha Mbozi, chuma cha zaidi ya tani 10 kilicholala pale Ndolezi. Kinachofuata ni nati ya ekseli yangu. Walisimama wawili juu ya bomba lililochomekwa kwenye spana, wakaruka. Ilipoachia, kijana akachukua nyundo aipige beringi mpya iingie, na fundi akamnyang'anya. Beringi inayosukumwa kwa kupigwa kwenye ringi isiyostahili huumia goroli siku hiyohiyo, na baada ya muda mteja anarudi akivuma upya. Habu ikapelekwa kwa mwenye presi, ikakandamizwa taratibu, nami nikalipia presi kwa moyo mweupe.

Njiani kurudi nyumbani nilizima redio. Kimya. Beringi imenyamaza, jeki imefungwa. Nikakata kona kuingia mtaani kwetu, na kutoka mbele kulia, karibu na usukani, nikasikia: kwiii. Lilikuwapo siku zote, chini ya vuuu.

Nikageuza gari palepale. Fundi alimwagia maji kidogo kwenye raba za chini, akaniambia nikate usukani, kimya. Akasubiri zikauke, nikakata tena, kwiii. "Bushi zimekauka," akasema. "Si hatari, ila mpya nazipata Jumatano."

"Jumapili nina harusi Vwawa. Naweza kwenda nalo?"

"Unafika vizuri. Ila kile kishikio cha jeki nimekifunga kwa waya tu, kinaweza kuachia. Mpe mtu aishike."

Shangazi, gauni lake la harusi na kilemba juu, aliipakata hadi Vwawa, na kanisani aliingia nayo kwa sababu hakuwaamini watu wa maegesho.