Chakavu chenye thamani

Kanuni za kuzuia sarafu bandia huvikazia macho visahani vitupu vya chuma ambavyo bado havijagongwa nembo. Ujerumani ilionyeshwa kuwa mjanja hana haja navyo.

Sarafu za euro 1 na euro 2 zina pete ya nje na kiini cha ndani. Zikichakaa, sehemu hizo hutenganishwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Mwaka 2011 waendesha mashtaka wa Frankfurt walidai kuwa mabaki hayo yalifika China, yakaunganishwa upya, kisha yakarejeshwa Ujerumani, mengine ndani ya mizigo ya wahudumu wa ndege. Yaliuzwa kwa siri gizani? La, yalipelekwa Bundesbank, benki kuu yenyewe, ambayo wakati huo ilibadilisha sarafu zilizoharibika bila malipo.

Kwa mujibu wa madai hayo, kati ya 2007 na 2010 benki hiyo ilipokea tani 29 hivi za sarafu za aina hiyo, zenye thamani ya takriban euro milioni 6. Ungedhani mtu angeuliza ni suruali ya nani iliyotoboka mfuko kiasi hicho.

Desemba 2010 Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni namba 1210, inayotaka sarafu za euro zihakikiwe kuwa ni halisi.