Sifa za Kodi Inayochelewa

Kila kitu hapa duniani kina mtetezi wake isipokuwa kodi ya nyumba iliyochelewa. Pombe ina malenga wake, deni la mahari lina wazee wa kulisemea, na hata mbu wa Nchelenge, Zambia, ambao watafiti wa malaria wamewafuatilia miaka nenda miaka rudi, wana watu wanaowahesabu kwa upendo. Kodi iliyochelewa haina mtu. Inatukanwa mlangoni, inasengenywa kisimani, na inaombewa kanisani iishe upesi. Basi leo nimejitolea kuisifu, na yeyote anayenidai asome hadi mwisho.

Nianze na mwanafunzi wake mkuu, mwenye nyumba mgeni wa Mantapala. Huyu ni mmoja wa Wakongomani waliovuka mpaka kuingia Zambia kuanzia Agosti 2017, vita vilipowaka upande wa Pweto na maeneo ya jirani. Alipokelewa katika kambi ya muda ya Kenani, na mwaka 2018 akahamishiwa Mantapala, makazi mapya ya wakimbizi yaliyofunguliwa wilayani Nchelenge. Akapewa kiwanja, akafyeka, akapanda mihogo, akafyatua matofali. Tofali moja huita jingine. Miaka ikapita, akajikuta ana vyumba viwili zaidi ya anavyohitaji, vyenye bati juu na kufuli mlangoni. Kwao alikuwa mpangaji maisha yake yote. Sasa ameitwa “Papa bailleur”, yaani baba mwenye nyumba, kwa mara ya kwanza, na jina hilo limemkaa vizuri kama koti la kuazima.

Mpangaji wake wa kwanza ni mama anayeuza chisense, wale samaki wadogo wa Ziwa Mweru ambao Mtanzania angewaita dagaa bila kusita. Wamepatana: kodi ni kila tarehe 5. Mwezi wa kwanza ililipwa tarehe 5. Mwezi wa pili tarehe 9. Kuanzia hapo elimu ikaanza.

Sifa ya kwanza ya kodi inayochelewa ni kwamba inafundisha ziwa. Kabla ya kupangisha, Papa bailleur alijua samaki kwenye sahani tu. Sasa anajua kwamba chisense huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa samaki hufuata mwanga. Kwamba mbalamwezi iking'aa, taa ya mvuvi inakosa kazi na mitumbwi inarudi na kidogo. Kwamba mvua ikinyesha mchana, samaki walioanikwa mchangani wanaoza na bei inaanguka. Anajua pia kwamba Zambia hufunga uvuvi tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na kwamba samaki wakipumzika, kodi nayo inapumzika. Hakuna ofisa wa uvuvi aliyemfundisha haya. Alifundishwa na chumba chake mwenyewe. Jioni utamwona ametoka nje, mikono nyuma, anautazama mwezi unavyojaa kwa uchungu ambao wapenzi hawaujui.

Linganisha na kodi inayolipwa kwa wakati. Inafundisha nini? Simu inalia, ujumbe unasema umepokea kwacha kadhaa, basi. Anayelipa hivyo unaweza kuishi naye miaka mitatu usijue ana watoto wangapi. Lakini anayechelewa! Huyo anakuja mwenyewe, jioni, amejifunga kitenge kizuri, mkononi ana kibakuli kilichofunikwa. Anapiga hodi, anakaribishwa kigoda. Anauliza habari za mama, za watoto, za yule aliyekuwa na homa, za mihogo iliyoliwa na nguruwe wa jirani. Anasikitika mahali pa kusikitika. Kibakuli kinafunuliwa: chisense wakavu, wanang'aa kama vijiko vipya. Mama mwenye nyumba anawapeleka jikoni. Giza linaingia, na hapo ndipo mgeni anaposhusha sauti: “Papa, kuhusu ile habari ndogo yetu…” Mtu ataanzia wapi kufoka na harufu ya chisense wake inatoka kwenye sufuria yako?

Nakiri kwamba hapa kodi inatumia hila. Lakini ni hila ya heshima, na sioni balozi anayefanya kazi yake vizuri zaidi.

Tuje kwenye fasihi. Wanaolalamika kwamba lugha yetu inakufa hawajawahi kudai kodi. Mpangaji aliyechelewa hawezi kurudia sababu, kwa hiyo lazima atunge. Mara mteja wa mji wa Kashikishi alichukua gunia kwa mkopo, mara mtandao wa simu umekata, mara karatasi ya ruhusa ya kutoka kwenye makazi imekawia na mzigo umelala barabarani, mara kuna msiba, na msiba haujadiliwi. Mwezi Julai anasema, “Mvumilie hadi Mutomboko ipite,” kwa sababu watu wakielekea Mwansabombwe kwenye sherehe ya chifu Mwata Kazembe ndipo biashara inapochangamka. Sababu nyingi kati ya hizi ni za kweli, na huo ndio ustadi wenyewe.

Watakaosema kuchelewa ni tabia ya maskini wakumbuke Novemba 2020. Mwezi huo Jamhuri ya Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hatifungani zake za nje, ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kukwama hivyo wakati wa janga la korona. Wadai walifanya nini? Walibadilisha kufuli Lusaka? Walitoa godoro nje? La. Waliunda kamati, wakakaa, wakaandikiana barua. Ufaransa na China zikawa wenyeviti wenza. Juni 2023, kule Paris, wakakubaliana kupanga upya madeni ya dola bilioni 6.3 kati ya serikali na serikali, na wenye hatifungani wakasubiri hadi 2024. Zaidi ya miaka mitatu! Mama wa chisense aliomba hadi mbalamwezi ipungue. Kama kuna anayestahili kamati yenye wenyeviti wawili na chai ya Paris, ni yeye.

Sheria nayo inaiheshimu kodi iliyochelewa kuliko tunavyodhani. Sheria ya Zambia ya kodi za nyumba za kuishi, ya mwaka 1972, hairuhusu mwenye nyumba kukamata vyombo vya mpangaji kwa ajili ya deni bila idhini ya mahakama. Ng'ambo ya ziwa, sheria ya Kongo ya 2015 inaweka ukomo wa miezi mitatu kwa garanti, yaani amana ya mpangaji wa nyumba ya kuishi, hata mwenye nyumba akihofia kucheleweshewa. Ukitaka kujua kinachotokea mwenye nyumba akiwa na papara, nenda London ya 1850: familia ya Karl Marx ilidaiwa kodi huko Chelsea, madalali wakakamata kila kitu hadi kitanda cha mtoto, na wakatolewa nje. Baadaye Marx akaandika vitabu vinene. Wenye nyumba duniani bado wanalipia kitanda kile.

Sifa yake kubwa kuliko zote nimeichelewesha, kama inavyostahili. Kodi inayochelewa inamfanya mwenye nyumba awe na huruma kwa nguvu, maana na yeye ana anayemdai. Yale mabati alichukua kwa mkopo kwenye duka la vifaa Kashikishi. Mama akichelewa, na yeye anachelewa. Siku moja anajikuta mbele ya mwenye duka, kofia mkononi, anaulizia afya ya watoto, anasikitikia homa ya mtu asiyemjua, kisha anashusha sauti: “Boss, kuhusu ile habari ndogo yetu…” Maneno yale yale, pumzi ile ile, amekosa kibakuli tu. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga. Hawakusema kwamba bwana harusi na mfiwa huwa mtu mmoja.

Sasa niseme kwa sauti ya kawaida kidogo. Tarehe 5 ni ya mwenye mshahara: mwalimu, muuguzi, mfanyakazi wa shirika. Ziwa halina tarehe 5. Mwenye nyumba anayeandika tarehe 5 kwa muuza samaki ametengeneza ucheleweshaji kwa kalamu yake mwenyewe, kisha anaushangaa. Wapo waliokwisha kuelewa: wanapokea kidogo kidogo kila mwisho wa juma wakati samaki wapo, wanachukua ya Desemba mapema mwezi Oktoba na Novemba, na kila kwacha inaandikwa kwenye daftari mbili, moja ya kila upande, mpangaji akiwa amesimama pale pale. Wakifanya hivyo, ile kodi tunayoisifu inaanza kupotea kijijini. Nyumba hizo ziko kimya. Hakuna kibakuli, hakuna hadithi ya gunia la Kashikishi. Nawasikitikia.

Na asije mtu akadhani namtetea mpangaji mwenye fedha anayejificha. Yupo. Anapokea malipo mchana, usiku anazima taa ukipita, na kikohozi chake unakisikia. Huyo hatumii ziwa wala mwezi, anatumia mlango. Sifa zangu hazimhusu, na mahakama iko palepale kwa ajili yake.

Uvuvi unafunguliwa tena tarehe 1 Machi. Mwenye nyumba wa Mantapala, nakuomba mambo mawili: siku hiyo usiende kugonga mlango, maana nyavu ndiyo kwanza zinaloa, na usipandishe kodi mwezi huo kwa kuwa umeona magunia yanapita. Nenda wiki ya pili, beba daftari, na ukikaribishwa kigoda, kaa.