Jinsi ya Kuwa Jimmy Pesto

Kwanza, tafuta jirani anayekuzidi upishi. Bila yeye wewe ni muuza piza tu, na wauza piza hawatungiwi katuni. Jimmy Pesto alimpata wake: Bob Belcher, muuza baga wa Bob's Burgers, katuni ya vichekesho ya Loren Bouchard iliyoanza kurushwa Marekani Januari 2011. Na hakwenda kufungua mgahawa mbali. Yuko ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, ili Bob akiinua macho jikoni aone meza zilizojaa watu. Za mwenzake.

Jina lishughulikie mapema. Ukiuza piza, uwe Mwitaliano angalau kwenye kibao cha nje. Ukoo halisi wa Jimmy ni Poplopovich, lakini nani amewahi kudai cheti cha kuzaliwa kabla ya kuagiza tambi?

Chakula kisikusumbue. Kila siku Bob anabuni baga mpya, anaipa jina la kuchezea maneno, anaiandika ubaoni kwa chaki, kisha anakaa kungoja wateja. Ubunifu mwachie yeye. Wewe changamsha baa.

Pesa zako zitumie kwa chawa. Jimmy anaye Trev, ambaye kazi yake kubwa ni kucheka utani wa bosi na kugonga naye tano. Ukiwa na mtu kama huyo huna haja ya kuwa mcheshi. Tusi lolote la darasa la tatu latosha.

Jirani akichelewesha kodi, usione haya: mnyemelee mwenye nyumba uchukue chumba chake, na baga uziuze wewe. Jimmy alijaribu yote mawili msimu wa kwanza. Kilichomponza ni kwamba mwenye nyumba, Bwana Fischoeder, alionja baga ya Bob. Kwa hiyo hakikisha haonji.

Watoto nao hawashiki uadui. Tina, binti wa Bob, kamzimikia Jimmy Jr., mwana wa Jimmy, na wadogo zake mapacha Andy na Ollie wanacheza na watoto wa adui yako mchana kweupe. Hapo nyamaza tu.

Wala usitarajie kuonekana sana. Kipindi kina jina la Bob; wewe una dakika chache za kusimama mlangoni. Usizimalize kwa kuhesabu mauzo. Vuka barabara, mtukane, na Trev awe karibu, kiganja juu.